Kidole cha Jenipher

Mashine ya kidole niliitilia shaka tangu siku fundi Benson alipoifunga kwenye mlango wa stoo. Kiwanda chetu ni cha kukamua alizeti tu, hapa Singida Mjini, nami kazi yangu ni kupepeta. Kufuli la zamani lilikuwa na kosa gani?

Walisajiliwa wawili: Mzee Mughwai mwenye kiwanda, na Jenipher mtunza stoo. Siku ya majaribio kidole cha Jenipher kilikataliwa, kikakataliwa tena. Alikuwa ametoka Ilongero kupura alizeti ya mama yake kwa mikono, ncha za vidole zimelika kabisa. Benson akabofyabofya, akasema ameipunguzia ukali kidogo. Ikamkubali, tukapiga makofi, tukaenda kunywa uji.

Jumatatu hii madumu ya mafuta hayakuwepo. Mashine ikaonyesha kuwa jana yake stoo ilifunguliwa na Jenipher.

"Jana nilikuwa kanisani Ilongero, Mzee," Jenipher alisema huku analia.

"Mashine haina shemeji hapa," Mzee Mughwai akamjibu. "Polisi wako njiani."

Nisiwadanganye, hata mimi nilimtupia Jenipher jicho la pembeni. Kisha nikamwona Benson anajifuta jasho, na asubuhi ile kulikuwa na baridi. Jasho la nini? Roho ikaniuma kwa yule binti, na hasira zikanipanda.

"Kama ina akili kiasi hicho, basi mimi itanikataa," nikasema, nikaenda kubandika kidole changu.

Taa ya kijani ikawaka. "Karibu, Jenipher," mashine ikasema kwa sauti tamu, na mlango ukafunguka.

Benson akainamisha kichwa. "Nilijaribu wanaotakiwa kuingia tu," akasema. "Wasiotakiwa sikuwajaribu."

Jenipher akakaa chini palepale, akamshukuru Mungu. Nilifurahi mpaka nikaanza kucheka peke yangu. Mzee Mughwai hakucheka. Aliutazama mlango, akakitazama kidole changu, akanitazama usoni.

"Na wewe, Dina," akasema taratibu, "jana ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nyumbani peke yangu, nimelala. Nikamgeukia Jenipher anisemee hata neno moja. Naye alikuwa ananitazama, anasubiri jibu langu.