Meli Iliyozamishwa Mezani

Nilipiga kelele mwaka mzima ili meli yetu iwekwe mezani. Siku nilipofanikiwa, ikazamishwa kabla chai haijaletwa. Wanaonijua huniita Kipaza na kusema naropoka mno. Sawa, naropoka. Lakini sisahau, na hili ndilo gumu zaidi kulisahau.

Ilikuwa meli ya ugavi: mafuta, maji, vyakula, vipuri. Manowari zikiwa mbali na bandari, sisi ndio tuliozifuata. Tunakwenda nazo ubavu kwa ubavu, kamba inarushwa, mpira wa mafuta unavutwa juu ya mawimbi, na hakuna meli inayosimama. Hatukuwa askari. Tulikuwa raia wa mkataba, na kila wakubwa walipotaka kubana matumizi, macho yalitugeukia sisi.

Safari hii walipata sababu yenye tai shingoni. Kabla ya kila luteka, yaani mazoezi ya kivita baharini, makao makuu walikuwa na mchezo wao wa vita: meza kubwa, ramani ya bahari, vipande vya mbao mfano wa meli. Kwenye mchezo huo, kila zamu mpya ikianza, manowari zote huhesabiwa zimejaa mafuta. Zimejazwa na nani? Na hewa. Na kwa kuwa mezani hakuna aliyewahi kutuhitaji, wakubwa wakaona bora meli yetu iuzwe chuma chakavu.

Ndiyo maana nilipiga kelele. Mimi ndiye niliyekuwa mwakilishi wa mabaharia. Mwishowe wakachoka, wakaniita Jumanne moja kwenye chumba chenyewe.

"Haya, Kipaza, umeshinda," alisema mwamuzi wa mchezo, kanali mwenye miwani minene. "Tatizo hatuna kipande cha ugavi. Hatukuwahi kukichonga." Akaokota kizibo cha soda, akakitua nyuma ya manowari. Maafisa wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mkubwa, kwa furaha.

Aliyecheza upande wa adui alikuwa kapteni mmoja mpole, sauti ya kubembelezea mtoto. Akanyoosha kidole.

"Nyambizi yangu inapiga hicho kizibo."

"Unaanza na sisi?" nikaruka.

"We ungeanza na nani, ndugu yangu?"

Ningeanza na sisi hao hao. Kete zikarushwa. Tukazama.

Nikasimama. "Si mmeona? Adui anatujua kuliko nyinyi! Sasa manowari zenu zitaishiwa mafuta huko huko, tuone!"

Kwa kitambo kidogo, naapa, walielewa. Niliona yule kapteni akiitazama ramani kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. Kisha mwamuzi akaangalia saa ya ukutani.

"Tukienda hivyo mchezo umekwisha sasa hivi," akasema. "Na mkuu anakuja mchana kutuona tukishinda. Turudi kwenye utaratibu wa kawaida. Zamu mpya, manowari zimejaa."

Wakashinda. Wakapigiana makofi. Uamuzi uliotoka ulikuwa huu: meli ya ugavi huzama upesi, na kikosi hushinda bila yake. Iuzwe baada ya luteka.

Niliporudi, mabaharia walikuwa wamejaa kwenye chumba cha kulia. Dada yangu, mpishi wetu, alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Walituweka?"

"Walituweka."

Wakashangilia, wakagonga meza. Ilinibidi niwasubiri wamalize ndipo niwaeleze mengine.

Luteka ilipofika tulitoka kama tulivyoamriwa. Manowari ya kwanza ikaja ubavuni, matangi yake karibu matupu. Hatukurusha kamba. Nahodha wetu, mzee asiyependa ugomvi, alitazama redio inavyolia, akanikabidhi. "Ongea nao wewe. Mdomo ni wako."

"Meli ya ugavi, mnangoja nini?"

"Sisi tulizamishwa Jumanne, afande. Mwamuzi ni wenu."

"Acha mzaha, Kipaza! Nina mafuta ya kubahatisha hapa!"

"Usijali. Zamu mpya ikianza utajaa."

Mabaharia walicheka hadi wengine wakakaa chini. Dada yangu hakucheka.

"Kaka, mle ndani kuna watoto wa watu. Watakosa hata maji ya kunywa."

"Bandari si mbali. Watakokotwa."

"Na kesho sisi tutakokotwa na nani?"

Nilimwambia aende jikoni kwake. Hilo nalo silisahau.

Manowari ilirudi ikivutwa na meli ya kukokota, taratibu, wageni wa heshima wakiwa gatini na bendi imeshashika tarumbeta. Uuzaji ulifutwa wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyethubutu tena kusema manowari hujazwa na hewa. Nilitembea kifua mbele hadi tulipoitwa gatini, na kanali yule yule wa miwani akatusomea uamuzi: meli ya ugavi ni muhimu kupita kiasi, haiwezi kuachwa mikononi mwa raia. Kuanzia siku hiyo itaendeshwa na askari.

"Hilo ndilo ulilokuwa unalidai, Kipaza," akaniambia, wala hakuwa ananicheka. "Kwamba ni muhimu."

Nikageuka kupanda ngazi kwenda kufunga mizigo.

Tulipewa muda wa kuchukua vitu vyetu tu. Askari waliokuja kushika nafasi zetu walikuwa wamejipanga kando, wengine hawajui hata mlango wa chumba cha mitambo uko wapi. Dada yangu alishuka ngazi na sufuria lake kubwa alilolinunua mwenyewe, jasho linamtoka.

"Kwa hiyo tumeshinda, au?" akauliza.

"Meli imeshinda."

"Basi nibebee hili, mshindi."