Namba Niliyoifuta

Mjukuu wangu Chausiku alipofaulu kidato cha sita, vyuo viwili vilimwita kusoma uchumi, kimoja Dodoma na kingine Dar es Salaam. Alipewa siku kumi na nne achague kimoja na kuthibitisha, la sivyo angevikosa vyote. Siku hizo nilizimaliza mimi.

Uchumi aliutaka tangu darasa la sita. Kwetu Handeni wanunuzi wa machungwa huja michungwa ikiwa bado na maua. Mtu anazunguka shamba, anahesabu miti kwa kidole, anataja bei, na wewe mwenye shamba unaitikia kwa kuwa sare za shule zinasubiri. Mwaka mmoja Chausiku akaniuliza mbele ya mnunuzi, "Bibi, kwa nini bei anaitaja yeye, siyo wewe?" Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akasema hilo siyo jibu. Yule mtu akacheka, "Haka katoto katanifilisi."

Mama yake, binti yangu Munira, alifariki Chausiku akiwa bado ananyonya. Nikamlea mimi. Marehemu mume wangu alikuwa akimwita mke mdogo, basi mimi na yeye tukawa tunaitana mke mwenza. "Mke mwenzangu, umenipikia nini?" "Pika mwenyewe, mume alikupenda wewe." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, asubuhi na jioni. Shikamoo aliwaachia wageni.

Majibu ya vyuo yalipotoka nilimwambia, "Sisi Wazigua mtoto ni wa mjomba. Huchagui kabla Sufiani hajasema." Sufiani ni mwanangu. Amepanga chumba Kilole, mjini Korogwe, na kazi yake ni ulinzi huko Hale.

"Si tumpigie tu?"

"Jambo la kumtoa mtoto nyumbani haliendi kwa simu. Atakuja tukae naye."

"Bibi, siku zinakwenda."

"Mke mwenzangu, chungwa haliivi kwa kupigiwa kelele."

Sufiani akaahidi Jumamosi, akakosa ruhusa. Akaahidi Jumatano, mwenzake wa lindo akaugua. Mimi nikangoja, sina wasiwasi. Chausiku alikuwa amegawa ukurasa wa daftari kwa rula: upande wa Dar kaandika kwamba yuko shangazi wa kulala kwake, upande wa Dodoma kaandika bweni, na masomo ya mazao na masoko, akayapigia mstari mara mbili. Kila jioni alinisomea. Kila jioni nikamjibu, "Subiri mjomba."

Siku ya kumi na nne akamfuata mwenyewe Kilole. Alibeba daftari lenye neno la siri la maombi yake. Simu akaniachia, kitochi changu, laini imesajiliwa kwa kidole changu. Namba hiyo ndiyo aliyoijaza kwenye fomu, kwa sababu yeye hakuwa na ya kwake. Kwamba siku ya kuthibitisha kuna tarakimu zitatumwa kwenye namba hiyo, hatukujua.

Sufiani alimsikiliza akiwa anafunga kamba za buti. Akasema, "Nenda Dodoma. Kwa shangazi utaosha vyombo, hutasoma." Basi. Maneno hayo ndiyo niliyoyangoja wiki mbili. Akaenda zamu Hale, ambako walinzi huacha simu zao getini, na Chausiku akatafuta steshenari yenye kompyuta.

Hapa nieleze jambo moja. Mwaka juzi mtu alinipigia akilia kwa sauti ya Sufiani, kapata ajali, nimsomee namba zilizoingia kwenye simu yangu. Nikamsomea, na akiba yote ya machungwa ikaondoka. Sufiani alinifundisha baada ya hapo: "Mama, ikiingia meseji ya tarakimu, futa. Akipiga mtu kuziulizia, huyo ndiye mwizi, hata akiwa na sauti yangu."

Saa tisa alasiri nilikuwa namenya mihogo. Simu ikalia kidogo. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikavaa miwani. Kiingereza, na katikati tarakimu sita. Nikafuta meseji, nikarudi kwenye mihogo. Nilijiona hodari.

Mara simu ikaita, namba ngeni.

"Shikamoo bibi. Naitwa Erasto, niko steshenari hapa Kilole. Naomba unitajie namba zilizoingia sasa hivi."

"Zinakuhusu nini?"

"Ni za mjukuu wako, za chuo."

"Na wewe Msambaa, naisikia lafudhi. Mmemaliza kuiba viazi huko milimani, mmeshukia simu za vikongwe?"

Akacheka kwa taabu. "Bibi, utani baadaye, foleni hapa ni ndefu." Kisha sauti nyingine. "Bibi, ni mimi, Chau."

"Wezi siku hizi wana sauti za watu wote. Kama ni Chausiku, wewe ni nani wangu?"

Nyuma yake nilisikia watu wengi. Akasema chini chini, "Mke mwenzio."

"Sikusikia."

"Mke mwenzio! Babu alituoa wote wawili! Bibi, nakuomba!"

Watu kule wakaangua kicheko. Nikakaa juu ya maganda ya mihogo.

"Nisomee namba, bibi."

"Nimezifuta."

Nilimsikia Erasto akibofya, akamwambia, "Imekataa. Inasema namba imeshatumwa, uombe tena baada ya saa ishirini na nne." Na mwisho ulikuwa siku hiyo hiyo.

Walipiga simu Dodoma, haikupokelewa. Walijaribu kuthibitisha cha Dar, kompyuta ikakataa vilevile. Walijaribu mpaka Erasto akafunga mlango.

Kesho yake saa tisa Erasto aliomba tena, namba nyingine ikaingia kwangu. Nilipanda juu ya kichuguu, mahali mtandao unaposhika vizuri, nikampigia Erasto nikamsomea tarakimu moja moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole, bibi yangu. Dirisha la kuthibitisha limefungwa." Lilipofunguliwa tena, nafasi za uchumi zilikuwa zimejaa kote.

Sufiani alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyenifundisha kufuta. Nikamwambia zile wiki mbili za kungoja hakunifundisha yeye.

Chausiku hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningejua pa kushika. Alikaa siku tano, akafua mashuka yangu yote, akaenda kwa mjomba wake. Sasa anauza chai kwa vibarua wa mkonge huko Hale. Anasema mwakani ataomba tena. Anasema kama mtu anayesema mvua inaweza kunyesha. Mwaka huu mnunuzi wa machungwa alikuja michungwa ikiwa na maua, akataja bei, nikaitikia.

Ile namba ya pili sijaifuta. Naijua kwa kichwa, naikariri nikipalilia.

Ijumaa Chausiku hunipigia. Napanda kichuguu mapema, na mguu wangu huu unaouma, namngoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umenipikia nini leo?"



"Za huko, bibi? Mguu wako unaendeleaje?"