Kamba ya Sitiri na Mlango wa Afua

Katika nchi ya Dhana, iliyolala baina ya milima ya Ghururi na mto Simanzi, palikuwa na desturi ambayo mgeni akiiona mara ya kwanza hudhani ni mchezo, na akiiona mara ya pili huulizia njia ya kurudi kwao. Kila aliyekopa alifungwa kiunoni kamba ya katani, pima moja kwa kila deni, na mwisho wa kila pima palipigwa fundo ambalo mdai wake alilitambua hata gizani. Kamba hiyo haikuruhusiwa kukunjwa wala kubebwa, sharti iburutwe. Na mdai alipokutana nayo njiani alikuwa na haki, tena haki ya kujivunia, ya kuikanyaga kwa kiatu chake, na mdaiwa alisimama papo hapo mpaka kiatu kiinuliwe.

Basi katika Uvumi, mji mkuu wa nchi ile, haikuwa ajabu kumkuta mwanamume mzima amesimama juani tangu saa tatu hadi adhuhuri, samaki anamwozea mkononi, kwa sababu mdai wake alikutana na rafiki wa zamani, wakazama katika habari za harusi na matanga, akasahau kuinua mguu. Wapita njia walimwamkia mdai kwa heshima, na mdaiwa wakamwamkia kwa heshima vilevile, maana watu wa Uvumi walikuwa na adabu kupita kiasi. Kumwambia yule bwana ainue mguu ndiko kulikoonekana utovu wa adabu.

Juu ya kilima cha mji huo ilisimama Nyumba ya Afua, jengo la mawe meupe lililojengwa na mababu kwa ajili ya wale ambao kamba zao zimewashinda. Mababu hao walikuwa watu wa huruma. Waliichonga sheria yote ya nyumba ile katika uso wa nje wa mlango wake, kwa herufi ndefu za dhahabu, ili asomaye asome kabla hajaingia. Kisha, wakichelea kwamba mlango uliofungwa ungewavunja moyo wenye shida, waliamuru usifungwe kamwe, usiku na mchana. Mlango ukasukumwa ndani, ukalazwa ukutani, na maandishi yake yakageukia uani. Tangu siku hiyo aliye nje hakuona ila uwazi mtupu, na aliyeweza kuisoma sheria ni yule tu aliyekwisha kuingia.

Kilichobaki kilijazwa na midomo. Ilisemwa kwamba anayeingia Afua huvuliwa hadi shuka ya kitandani. Kwamba mkewe hufungwa kamba ile ile. Kwamba wanawe huzaliwa na alama ya fundo kiunoni. Kwamba jina lake halitajwi tena hata msibani. Ushahidi ulikuwa mmoja, nao uliwatosha: watu kadhaa walionekana kuingia usiku, wamejifunika nyuso, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kutoka.

Katika mji huo aliishi mtia rangi nguo aitwaye Sitiri, fundi asiye na mpinzani, ambaye kitambaa kikitoka katika mitungi yake wanawake wa harusini walikigombania. Miaka mitatu nyuma mto Simanzi ulifurika ukazoa nguo za wateja wake zote. Sitiri, kwa haya yake, hakumwambia mtu kwamba mafuriko si kosa lake. Alikopa kwa Bwana Mlahafu akawalipa wote. Akakopa kwa wa pili ili amlipe Mlahafu, na kwa wa tatu ili amlipe wa pili, hata kamba yake ikafika pima tisa, na alipokwenda kuchota maji kisimani mkia wake ulikuwa bado unatoka mlangoni kwake.

Mkewe, Tulizo, hakuwa na kamba. Alikuwa mkunga, na nusu ya watoto waliokuwa wakicheza katika mitaa ya Uvumi walipokewa na mikono yake. Alipoitwa alikimbia, na watu walimpisha.

Siku tatu kabla ya gulio, Bwana Mlahafu alifika kwa Sitiri akiwa na kamba mpya begani, nyeupe, ikinuka katani mbichi.

"Pima tisa ni nyingi kwa kiuno kimoja, bwana Sitiri," alisema kwa upole, akikanyaga kamba huku akipokea kahawa. "Desturi yetu yataka mzigo wa mume ukizidi, nusu aichukue mke. Siku ya gulio nitakuja kumfunga Bibi Tulizo, mbele ya watu, kwa heshima zote."

"Yeye hakukopa kwako hata senti," alisema Sitiri.

"Hakukopa. Lakini alikula."

Mgeni alipokwisha kuondoka, Tulizo aliokota vikombe, kisha akaketi. "Mimi siiogopi aibu," alisema. "Naogopa kitu kimoja. Nitaitwa, na mwanamke atakuwa anazaa peke yake, nami nimesimama njiani chini ya kiatu cha mtu anayeulizia bei ya vitunguu."

 Fedheha yake mwenyewe Sitiri alikwisha kuizoea, lakini hii hakuweza kuibeba. "Nitapanda Afua," alisema.

Nduguye, Hila, aliposikia alikuja mbio na ushauri ambao hakuombwa. "Ukishakata shauri, usiende na kitu. Nipe mimi birika la fedha la marehemu mama, nikuwekee. Watavua kila kitu; angalau hilo litapona." Sitiri, aliyekuwa na hofu kuliko akili siku ile, akampa.

Siku ya gulio asubuhi alikwea kilima huku kamba ikikwaruza mawe nyuma yake. Tulizo alibaki sokoni chini ya kilima, kwa kuwa hakutaka Mlahafu aseme amekimbia. Habari ilikwisha kuenea, na watu walisimama pande mbili za njia wakimtazama Sitiri kama wanaotazama jeneza likipita. Alipofika hatua moja kutoka kizingiti, kamba ilikaza. Bwana Mlahafu alikuwa ameikanyaga.

"Rudi, bwana. Nakuonea huruma. Huko ndani hakuna mtu."

Sitiri alijinyoosha kwa nguvu zake zote, akatupa mguu wa kulia mbele, na wayo wake ukagusa jiwe la kizingiti.

"Toa mguu, Bwana Mlahafu," ilisema sauti kutoka ndani. "Mwenzako amekwisha kuingia."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye wino vidoleni na ufagio mkononi: Hakimu Insafu, aliyefagia ua wake mwenyewe. "Tangu wayo ukanyage jiwe hili," aliendelea, bila kupaza sauti, "hakuna mdai wa kumkanyagia kamba, kumfuata nyumbani wala kumgongea mlango, mpaka hukumu itoke. Ukitaka haki yako, niletee hesabu yako." Mlahafu akainua mguu. Watu waliokuwa njiani waliona.

Sitiri aliingia. Ua ule ulikuwa mpana kuliko soko, umezungukwa na nguzo, na kutoka dari za kila baraza zilining'inia kamba zilizokatwa, maelfu kwa maelfu, za kale zimekuwa kijivu na za karibuni bado rangi ya mchanga, zikitikisika taratibu kwa upepo. Alikuja akidhani ni yeye peke yake aliyeshindwa katika nchi nzima. Alilia bila kujificha, na Hakimu akamwacha alie, akafagia kidogo, akarudi.

"Wote hawa walikwenda wapi?" aliuliza Sitiri.

"Walirudi makwao. Nyumba hii ina mlango wa nyuma, unaoshukia barabara ya Ghururi. Wote huchagua huo. Hukaa mbali mwezi mmoja, kisha hurudi mjini wakisema walikuwa safarini na wamelipa kila kitu. Unawaamkia kila siku." Akamgeuza kwa bega. "Sasa soma."

Sitiri akatazama nyuma yake akauona mlango, umelala ukutani, unawaka dhahabu tangu juu hadi chini. Hakupata kuona kitu kizuri namna ile kilichoandikwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Alisoma, na kila alipokwama aliuliza.

"Mitungi yangu ya rangi?"

"Ni zana za kazi. Hubaki. Na kitanda, na vyungu, na paa linalowatosha. Mtu asiye na chombo cha kazi hatafanya kazi, na huyo hana faida kwa yeyote, hata kwa wadai wake."

"Shamba langu la mnili wa rangi, kando ya mto?"

"Hilo litauzwa, na wadai wagawane kwa haki, si kwa ukubwa wa sauti. Sikufichi, litakuuma."

"Na kila deni litafutika?"

"Si kila deni. Posho ya watoto haifutiki, faini ya makosa haifutiki, na ulichochukua kwa udanganyifu kitakufuata mpaka kaburini. Una chochote katika hivyo?"

"Sina. Jina langu je?"

"Litakaa kitabuni miaka saba, na katika miaka hiyo ukitaka kukopa utamwambia ukweli unayemkopa. Baada ya hapo ukurasa utafungwa."

Swali moja alilibakiza mwisho kwa kuwa aliliogopa zaidi. "Mke wangu je?"

"Alitia dole gumba katika hati yoyote? Alikudhamini?"

"Hapana. Wala hakuulizwa."

"Basi si lake," alisema Hakimu Insafu, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Sitiri aliegemea nguzo. Siku tatu hawakulala, na jibu lilikuwa fupi hivi, limechongwa hapa tangu enzi za mababu.

Hakimu aliketi, akafungua kitabu. "Sasa ni zamu yangu. Katika mwaka huu, umempa mtu kitu chochote ili kisionekane hapa? Fikiri kabla ya kujibu. Anayeficha hutoka na kamba yake kamili, nami sina uwezo wa kumsaidia tena."

Akilini Sitiri alimwona mama yake akimimina kahawa katika lile birika, mkono mmoja ukishika kifuniko. Hakimu hakujua, wala Mlahafu hakujua. Akaiona pia kamba mpya, nyeupe, begani mwa yule bwana.

"Birika la fedha la mama yangu," alisema. "Liko kwa ndugu yangu Hila. Niliogopa."

"Wengi huogopa. Litaletwa, litauzwa. Umefanya vyema kusema." Akaandika, kisha akachukua kisu kirefu akaikata kamba. Sitiri alijihisi mwepesi hata akayumba, ikabidi Hakimu amshike mkono. Akapewa kamba yake aitundike mwenyewe.

Alipokuwa akitafuta nafasi barazani, mkono wake ulisimama hewani. Mbele yake ilining'inia kamba ya rangi ya ganda la bilingani, iliyong'aa kidogo kwa ndani. Katika maisha yake Sitiri aliipata rangi ile mara moja tu, miaka kumi na miwili nyuma, alipokosea akatia chokaa katika nili, na hakuweza kuipata tena. Aliipaka kamba ya mchuuzi mmoja aliyetaka deni lake lifanane na mshipi wa fahari. Mchuuzi huyo alikuwa Mlahafu, ambaye baadaye alisafiri mwezi mmoja, akarudi kiuno kitupu, na hadithi nyingi za vitisho vya Afua. Sitiri aliitazama kwa kitambo. Alitegemea hasira, akashangaa kuona ni huruma iliyomjia. Akaitundika yake pembeni ya ile.

"Mlango wa nyuma uko kule," alisema Hakimu Insafu.

"Nimeuona, mama. Nikitoka kwa huo, nani atamsomea mke wangu?" Akaenda kwenye mlango mkubwa, akaushika ukingo, akauvuta kutoka ukutani kuelekea nje. Bawaba zililia kilio cha miaka mingi. Hakimu akaja kusukuma kutoka ndani, na Sitiri akavuka kizingiti akiuvuta.

Chini sokoni Bwana Mlahafu alikuwa amekwisha kushuka na kuifungua kamba nyeupe, na Tulizo amesimama mbele yake mikono kifuani, watu wamewazunguka. Kelele za bawaba ziliwageuza wote. Mlango wa Afua, usiofungwa tangu dunia yao ianze, ulikuwa unafungwa, na mbele yake alisimama Sitiri, katika jua la asubuhi, kiuno kitupu. Juu yake ziliwaka herufi ndefu kuliko mkono wa mtu. 

Tulizo ndiye aliyesoma kwanza, kwa sauti, kwa kuwa sentensi ilikuwa yake: "Deni la mume halimshiki mke, wala la mke halimshiki mume, asiyetia dole gumba lake." Alisoma mara mbili. Kisha watu wengine wakaanza kusoma, huyu mstari huu, yule mstari ule, wakipanda kilima huku kamba zao zikiburutwa, na mzee mmoja akawa anauliza kila mtu kama ni kweli kitanda hubaki.

Sitiri alishuka katikati yao akamfikia mkewe. Bwana Mlahafu, kwa mazoea ya miaka mingi, alisogea nyuma yake akashusha kiatu kwa nguvu mahali ambapo kamba ilikuwa ikipita siku zote. Vumbi likaruka. Sitiri hakusimama ila kwa hiari yake, aligeuka akamtazama.

"Bwana Mlahafu, nimeiona rangi yangu huko ndani," alisema, kwa sauti ambayo ni wawili tu walioisikia. "Haijapauka hata kidogo. Sitamwambia mtu. Lakini ungetuambia sisi."

 Ile kamba nyeupe ilimteleza Mlahafu mkononi ikaanguka chini, naye hakuinama kuiokota.

Wakati huo huo mwanamke alikuja akihema kutoka Mtaa wa Wafinyanzi, akimwita mkunga, kwa kuwa chupa ya jirani yake imekwisha kupasuka. Tulizo aliibana kanga yake, akairuka ile kamba iliyolala vumbini, akakimbia, na watu wakampisha.