Kichochoro Kilichompisha Bwana Skalli

Saa nne asubuhi Abdelghafur alikuwa kwenye lango la Bab Doukkala, akipangusa vumbi kwenye kiti cha kile kigari kilichofungwa ubavuni mwa pikipiki yake, mgeni alipofika kwa miguu na kuketi bila kusubiri kukaribishwa. Alisema anaitwa Bwana Skalli, wa Casablanca. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, havina hata tone la tope.

Abdelghafur hakumpenda tangu mwanzo. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwatembeza watu Marrakech, na kila mmoja aliinua uso kuutazama mnara wa msikiti wa Koutoubia. Huyu alipita chini yake akitazama upana wa barabara.

"Nipeleke kichochoro cha Derb Nhas."

"Kule hapapitiki, bwana. Wanachimba mabomba."

"Mahjuba hajui habari za mabomba. Nilimuuliza jana."

Mahjuba alikuwa dada yake Abdelghafur, mjane, mpangaji wa chumba kimoja Derb Nhas. Abdelghafur hakuwa amemwambia mgeni kwamba ana dada. Akatia gia.

Vichochoro vya mji mkongwe ni vyembamba kuliko kigari, na kazi ya Abdelghafur iliwezekana kwa sababu kuta zilimpisha. Alipiga honi mara mbili, kuta zikarudi nyuma kama mwanamke anayekusanya upindo wa joho kukwepa dimbwi. Waliomo ndani walisogeza makabati yao kidogo, na ilipofika adhuhuri kila ukuta ulikuwa umesharudi mahali pake. Watu walizoea. Walicholalamikia ni moshi.

Siku hiyo kuta zilianza kusogea kabla hajagusa honi.

"Ghafur!" muuza mnanaa alimpigia kelele. "Leo umetubebea nani? Anatukodolea macho kama fundi wa majeneza!"

Bwana Skalli alicheka, akampungia mkono.

Mahjuba alikuwa ameketi mlangoni, akishona vifungo vya hariri vya majoho. Ukuta wa chumba chake ulirudi nyuma mpaka miguu ya kitanda ikakwaruza sakafu. Alimtazama mgeni, kisha nduguye.

"Karibu chai, bwana. Na wewe, njoo ndani."

Walipoingia peke yao alishusha sauti. "Ni nani yule?"

"Mteja."

"Mteja gani? Jana kaja hapa kuniuliza choo kiko upande gani. Nikamwambia, una haja? Akasema hana."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Na wewe mbona umemleta?"

"Nilimwambia hapapitiki."

"Kisha ukapita."

Walipotoka, Bwana Skalli alikuwa ameugusa ukuta, nao ulikuwa umerudi hatua nyingine, kwa adabu. Alitoa karatasi yenye mihuri. Warithi wa mwenye nyumba walikuwa wameuza kichochoro kizima. Wanunuzi walitaka kukifanya hoteli, ila kwa sharti kwamba gari la mizigo ya wageni lifike mlangoni.

"Nilikuwa na wasiwasi na hilo," alisema. "Sasa nimeona kwa macho yangu. Ahsante, Abdelghafur, umenirahisishia."

"Humu ndani mna mtu," alisema Mahjuba.

"Hatukufukuzi, mama. Wewe kaa tu."

Ni kweli hakufukuzwa. Adhuhuri ukuta haukurudi, wala jioni. Hoteli ilipofunguliwa, kwa kila mgeni aliyeingia ukuta ulisogea upana wa kidole. Majirani walifunga mizigo, wakahamia mitaa mipya ng'ambo ya uwanja wa ndege. Mahjuba alikataa.

"Nikitoka watasema nilitoka mwenyewe."

Alitoa kabati, kisha kitanda, akawa analala ameketi. Abdelghafur alimletea mawakili wawili. Wote wawili walipima chumba, wakanywa chai, wakasema sheria inazungumzia mtu kuondolewa nyumbani. Haizungumzii nyumba kuondolewa kwa mtu.

Kwa siku tisa Abdelghafur alikataa kubeba wageni wa hoteli. Siku ya kumi alimwona dereva mwingine akipita pale kwa kasi na kugonga kizingiti cha dadake. Akarudi kazini. Yeye angalau alikwenda polepole.

Mwezi wa Shaabani kuta mbili za chumba zilikutana. Mahjuba alikuwa katikati, na mkononi alikuwa na kifungo ambacho hakijaisha. Palibaki ufa wa kupitisha kidole. Asubuhi Abdelghafur aliingiza nyuzi na vipande vyembamba vya mkate, chai akaipitisha kwa mrija. Jioni vifungo vilitoka kimoja kimoja, vimeshonwa vizuri kama zamani, na mwenye duka la majoho hakupata sababu ya kulalamika.

Jumanne iliyopita alisimamisha pikipiki pale.

"Umebeba nani?" sauti iliuliza kutoka ndani ya ufa.

"Mume na mke. Wametoka Lyon."

"Watu wazuri?"

"Sijui, dada. Siku hizi sijui."

"Wanasemaje?"

"Wanasema pazuri."

Mahjuba alisukuma kifungo kimoja nje ya ufa. "Waambie wasiegemee. Wananibana."

Abdelghafur aliwaambia. Wakacheka, wakamsifu kwa utani wake, wakaegemea vizuri zaidi na kumpa simu awapige picha.