Jina la Mgongoni mwa Arielle

Matope ya kazi ya Arielle hayatoki kwa sabuni peke yake. Kwanza ninaacha gile yake, kile kizibao cha kazi kisicho na mikono, ikauke kabisa juani, ninaikung'uta ukutani, ndipo ninailoweka na kuisugua kwa burashi ya viatu, polepole, nisichubue zile herufi nyeupe za mgongoni. Gile yenyewe ni ya rangi ya machungwa. Herufi zinasema HELPER. Mimi nilisoma shule ya msingi tu, tena Kifaransa kidogo na Kiswahili, lakini neno hilo nimelifua mpaka ninaweza kuliandika nikiwa nimefumba macho.

Mjukuu wangu yuko na kampuni moja inayotoboa ardhi kutafuta shaba, nje ya Likasi. Wakubwa wake wanasema Kiingereza, basi kila mdogo pale amepewa jina la Kiingereza. Kuna spota, anayesimama na kibendera lori likirudi nyuma. Kuna treini, ambaye bado anajifunza, hana ruhusa ya kugusa kitu. Kuna junia, anayebeba mifuko ya mawe ya wataalamu. Na kuna helpa, msaidizi wa drila. Drila anashika mitambo. Helpa anaunga vyuma virefu kimoja juu ya kingine vikishuka shimoni, anavifungua vikipanda, anatoa jiwe lililokatwa mviringo kama mchi, analiosha na kulilaza ndani ya sanduku lake. Kati ya mahelpa wote wa pale, mwanamke ni Arielle tu.

Marehemu Alphonse, mume wangu, alikuwa planton. Alipeleka barua ofisi hadi ofisi, viatu vinang'aa kuliko vya mkurugenzi. Kwa hiyo majina ya chini mimi siyaonei haya. Yamenilisha.

Anayeyaonea haya ni mwanangu Ruffin, baba mdogo wa Arielle. Na Jumamosi ile ndugu za Éphraïm walipotoka Mulungwishi kuja kumwomba Arielle awe mke wa kijana wao huyo, musemaji wetu alikuwa Ruffin.

Asubuhi alinikuta naanika gile kwenye kamba.

"Mama, hii kitu uitoshe hapa. Bakwe banakuya."

"Iko na maji bado."

"Helpa, mu bukwe! Hapana. Minye nitasema ingénieur."

Arielle alikuwa anapepeta unga mlangoni. "Papa Ruffin, nani alikuomba unipandishe cheo?"

"Weye utakuwa chini ya kitenge. Kazi yako ni kunyamaza."

Alisema kweli, hiyo ndiyo desturi yetu. Siku ya bukwe, siku ya kuposa, kila upande una mdomo mmoja. Mwingine akifungua wake, analipa kuku. Kijana mwenye kuoa anakaa kichwa chini kama aliyevunja sahani. Msichana anakaa chumbani, kisha anatolewa amefunikwa. Akisha kufunuliwa, musemaji wake anamuuliza swali moja, kama anawajua wageni. Hapo tu ndipo anasema. Na kumvalisha msichana ni kazi ya nkambo wake, yaani bibi yake, haingiliwi na mtu.

Wageni walifika saa nane na vumbi lao la barabarani. Baba wa kijana, tata Étienne, mkulima wa mahindi, ndiye aliyekuwa mdomo wao, pamoja na dada yake, mama Marlène, wa kufunua kitenge na kuhesabu kuku. Waliketi, wakanywa maji. Ruffin akasimama, akavuta koti.

"Ule mutoto munafuata hapa," akasema, "haiko mutoto wa hivi hivi. Ni ingénieur. Anaamuru mashini, anaamuru bantu."

Mimi na Arielle tulikuwa chumbani, mlango umebaki wazi kidogo. Nilimwona tata Étienne anashusha kikombe chake. Hakuwa na furaha. Alimtazama mwanawe, akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Bwana Ruffin," akasema, "aksanti. Sisi ni bantu ba mahindi. Huyu Éphraïm anashinda chini ya motoka za wengine mu garage. Tulikuya kuomba muntu wa kimo yetu. Kesho ataitwa bwana ya ingénieur, na kila ugomvi kimo itaingia ndani. Acha turudie, tuongee kwanza."

"Tata..." Éphraïm akaanza.

"Kuku!" mama Marlène akamkatiza. "Bwana-arusi hana mudomo."

Chumbani Arielle alinishika mkono. Vidole vyake ni vigumu kwa sababu ya vile vyuma. "Nkambo, banakwenda."

"Ninasikia."

"Nivalishe ile yangu."

Sikumuuliza ipi. Nilitokea mlango wa nyuma, nikaitoa gile kwenye kamba ya uani nilikoihamishia asubuhi, pindo bado lina ubaridi wa maji. Nilimvika juu ya blauzi yake nzuri, nikafunga vifungo kimoja kimoja, nikanyoosha mabega. Kisha nikamfunika kitenge kipya, kutoka kichwani hadi magotini.

Nje Ruffin alikuwa anatoa jasho. "Basi mumuone kwanza, kisha murudie," akawaambia. Na mimi nikamtoa.

Mama Marlène alishika kitenge kwa vidole viwili, akakivuta. Rangi ya machungwa ikajaa uwanja. Arielle akageuka taratibu, mgongo kwa wageni, wote wasome, kisha akawarudia uso.

"Muulize," nikamnong'oneza Ruffin. Kuku wangu nilishamtoa moyoni.

"Arielle," akasema kwa sauti ndogo, "hawa bageni unabajua?"

"Ninabajua. Njo bao habanijue. Minye haiko ingénieur. Niko helpa. Asubui nikiunga chuma vibaya, kazi yote inasimama. Nikiunga muzuri, hakuna mwenye kusema jina yangu. Hata vile, ile jiwe ya chini, yenye jua haiyaona, mukono ya kwanza kuigusa ni yangu."

Tata Étienne akasogeza kiti.

"Kwa hiyo iko na mukubwa juu yako?"

"Drila. Na juu ya drila iko mwengine. Na ule mwengine, simu ikilia anasimama wima, peke yake mu ofisi."

Mama Marlène ndiye aliyecheka wa kwanza, akapiga paja. Éphraïm akainua kichwa. "Tata, minye nilijua! Tangu mwanzo nilijua. Minye spana boi, yeye helpa!"

"Kuku ya pili!" tata Étienne akasema, lakini meno yake yote yalikuwa nje. Akamgeukia mwanangu. "Bwana Ruffin, anza tena. Useme vile iko."

Ruffin alifuta uso. Ninamjua mwanangu, alitafuta njia ya kupita, hakuiona. Akasimama wima kama baba yake mbele ya mlango wa mkurugenzi.

"Ule mutoto munafuata hapa," akasema, na sasa sauti ilivuka ukuta wa jirani, "ni helpa. Mwanamuke peke yake kati ya mahelpa. Na ni wetu."

"Njo ule tulikuya kufuata," tata Étienne akajibu.

Hawakurudi Mulungwishi mpaka tulipokula bukari, ugali wetu, na kuku watatu, mmoja wangu. Kabla hawajaondoka tulipiga picha. Ruffin ndiye aliyetupanga, huku na huku, na sisi sote tunatazama mbele. Arielle peke yake alimgeuza nyuma.

"Usitikisike," akamwambia. "Maandishi yaonekane."