Shimo la Futi Tatu na Nusu

Wasamia na Wateso, majirani wa mpaka wa Kenya na Uganda, hubishana kuhusu mengi, lakini kwa hili wako kitu kimoja: mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Ndiyo maana Edeku, seremala Mteso wa Malaba, alikuwa amesimama nje ya nyumba ya mama mkwe wake mjini Busia, drili mkononi. Kabati lilikuwa ndani. Yeye alikuwa nje.

Na lilipaswa kutundikwa siku hiyo hiyo. Mama mkwe huyo, Taaka, alianguka mwezi wa pili akishusha unga darini, akavunjika nyonga. Amepona, anatembea na fimbo, lakini mwanawe Isaac alishatoa amri kutoka Jinja: kama mama hawezi kujihudumia jikoni, Jumamosi anamchukua. Jumamosi ndiyo leo. Na Taaka Jinja haitaki hata kwa picha.

Edeku alikuwa amelifikiria kabati lile wiki tatu. Mlango wa bawaba humlazimu mtu kurudi nyuma ili aufungue, na mwenye fimbo hana mguu wa kurudi nyuma. Akaweka milango ya kuteleza juu ya reli, ya kusukuma kwa kidole. Ukuta ulikuwa wa tofali mbichi, skrubu hung'oka humo kama meno ya mtoto, kwa hiyo angepitisha bolti ndefu ukuta mzima: vichwa ndani, nati nje.

"Jovia," alimwita mkewe aliyekuwa ndani, "chini ya kabati ikae futi ngapi?"

"Nne na nusu. Kama ya watu wa Kampala."

Akapima kutoka ardhini, akatoboa. Kicheko cha Jovia kikatokea mashimoni.

"Baba Brian, hii umetobolea kuku? Inakuja futi tatu na nusu."

Angejuaje? Miaka sita iliyopita wakandarasi waliinua barabara, wakayaelekeza maji ya mvua kwenye nyumba za watu, na barua ya mtaa mzima bado imelala kwenye droo ya mkubwa fulani. Wenye uwezo walihama. Taaka aliinua sakafu ya jikoni futi nzima kwa zege. Kila jirani analijua hilo, isipokuwa mtu mmoja, yule asiyeruhusiwa kukanyaga pale.

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Tangu siku ya mahari Isaac humwita fundi wa majeneza. Leo angepata wimbo mpya. "Nitaziba, nitoboe juu," alisema, akaenda kukoroga saruji.

Aliporudi, alimsikia Taaka akimtuma Jovia dukani kuleta majani ya chai. Kisha sauti ikatoka shimoni, kwa Kiswahili cha mpakani, maana Edeku Kisamia hakijui na Taaka Kiteso hakitaki.

"Mkwe. Uko hapo?"

Edeku aligeuza uso pembeni, kwa heshima. "Niko, Mama."

"Shimo yako, usizibe."

"Mama, ni makosa. Kabati itakuwa chini."

"Nasema usizibe. Siku ile nilianguka, bega pia iliharibika. Mkono haipandi kupita hapa."

"Hapa wapi, Mama? Sikuoni."

"Na usinione. Kwa kidevu."

"Jovia anajua?"

"Jovia akijua, Isaac anajua kabla chai haijachemka. Atanipeleka Jinja nikae kwa sofa kama mto."

Edeku aliitazama saruji yake. Miaka kumi na tano ya ukwe, na hawajawahi kuambiana maneno marefu hivyo.

"Basi ni mimi nilipima vibaya," alisema.

"Watakucheka."

"Wamezoea, Mama."

Jovia aliporudi, alilikalisha kabati juu ya kreti za soda, akinung'unika. Taaka akasukuma bolti za chini, Jovia za juu, na Edeku akazipokea upande wa pili.

Isaac alifika saa kumi. Alilitazama kabati, akatoka nje.

"Shemeji, futi yako ulinunua wapi? Hii ni kabati ama kiti?"

"Nilipima vibaya," Edeku alisema. "Sikujua sakafu."

Isaac akacheka mpaka akajishika kiuno, akarudi ndani. "Haya Mama, nipe chai. Nione."

Edeku alisimama na spana mkononi. Akasikia mlango ukiteleza. Kopo la sukari. Kikombe. Mlango tena.

"Mbona unafungua na kidole moja?" Isaac aliuliza.

"Ingine zinapumzika."

Isaac akasikika akivuta chai moto funda moja moja. "Nitarudi Krismasi," Isaac akasema mwishowe. "Tutaona." Akaondoka peke yake.

Edeku alianza kukusanya vifaa vyake. Ndani, mlango ulikwenda, ukarudi. Ukaenda, ukarudi.

"Mama, utamaliza hiyo reli," Jovia alisema.

"Si ni yangu."

Edeku akaishika nati ya juu, iliyokuwa imekaza tayari, akaizungusha kidogo tena.