Kufunga Bwawa la Kirandeep

Mume wangu Séverin hawezi kufunga bwawa la kuogelea bila kuimba, na mimi siwezi kumvumilia akiimba kabla ya chai. Asubuhi ile ya Novemba hapa Uingereza, njia nzima tangu kwetu Aston mpaka Handsworth Wood, nilikuwa namnyamazisha tu. Tulikuwa tumeitwa na Tejinder, mtoto wa mwenye nyumba. Baridi kali inakuja, alisema, mabomba ya bwawa yatapasuka, na baba yake hataki kusikia habari ya kulifunga. Basi twende mzee akiwa gurdwara, hekaluni kwao Masingasinga.

Kazi yenyewe haina maajabu. Unaosha mchanga wa chujio unaonasa uchafu wa bwawa, maji machafu yanakwenda zake. Unazima pampu, unasukuma upepo wa kompresa ndani ya mabomba hadi maji yote yatoke, kisha unaziba kila tundu kwa kizibo cha mpira, yasirudi humo yakaganda. Wa vizibo ni mimi, maana Séverin anaogopa maji baridi kuliko paka.

Chujio lilitoa maji ya kijivu, mazito.

"Mama Aganze, huyu muzee anaogaka na simenti?" Séverin akauliza. Tukacheka wote wawili.

Séverin alikuwa ameshika swichi ya pampu mzee Charanjit, baba yake Tejinder, alipoingia getini mbio, kilemba kimelegea.

"Usizime! Mama, mwambie asizime hiyo pump!"

Nilimkalisha kitini. Miaka yote hii Uingereza, Kiswahili chake cha Kisumu hakijamtoka. Mkewe, Kirandeep, alifariki mwezi wa sita. Watoto walipeleka majivu yake mtoni, maana kwao majivu hutiwa kwenye maji yanayotembea. Yeye alibakiza kiganja kimoja kwa siri, akakitia bwawani, alikoogelea mkewe kila asubuhi.

"Hapa ndio alipenda," akasema. "So nikaacha pump on, usiku na mchana, ndio maji itembee. Mkizima, maji inasimama. Nitakuwa nimemtupa kwa dimbwi."

Séverin akanitazama. Nayajua macho yale: alitaka tumdanganye. Hata mimi nilitamani. Lakini nilifiwa na mama yangu nikiwa katika kambi ya wakimbizi, na walionificha habari hiyo kwa huruma sijawasamehe hadi leo.

"Muzee," nikasema, "tulishaosha filtre mbele ufike. Vyote vilikuwa ndani vilienda."

"Vilienda wapi?"

Nikamwonyesha mfuniko wa chuma karibu na geti, mdomo ukakataa kuutaja mfereji wa maji taka. Nikakumbuka kile kicheko changu, nikajichukia.

Alikwenda polepole, akapiga magoti, akainama hadi kilemba kikagusa chuma. Chini yake maji ya mtaa mzima yalikuwa yakipita. Séverin alivua kofia. Mimi nililia bila kujificha.

"Inatembea," mzee akasema.

"Inatembea, muzee," nikamjibu.

"Inafika mtoni?"

"Wanaisafisha kwanza, kisha inaenda mtoni."

Akaweka kiganja juu ya chuma kile cha baridi. Nilipomshika mkono kumwinua, alikuwa analitazama bwawa, maji yakizunguka bado.

"Basi zimeni," akasema. "Hakuna mtu huko."